Viazi mviringo vina mabaka na mvua haikatiki: nivune sasa, nipige dawa au nisubiri?

BustaniNdogo
Wakuu, naomba msaada. Nina matuta sita ya viazi mviringo nyuma ya nyumba, vina siku kama 80. Mvua ni karibu kila siku, na majani yametoka mabaka ya kahawia iliyokolea, mengi yakianzia kwenye ncha na kingo za jani. Ukingo wa baka una rangi ya kijani iliyopauka, kama jani lililomwagiwa maji ya moto. Ukifukua kidogo pembeni ya shina unakuta viazi vya ukubwa wa yai, vichache vimefika ngumi. Ni ugonjwa gani huu? Na nikivuna kwenye tope hili vitakaa kweli?

TutaRefu
Kwa maelezo hayo ni bakajani chelewa (ugonjwa wa ukungu, kwa Kiingereza late blight), ila hakikisha kwanza. Nenda asubuhi kabla umande haujakauka, ugeuze jani lenye baka. Ukiona utando mweupe kama unga kuzunguka ukingo wa baka upande wa chini, basi ndio wenyewe. Angalia na mashina pia: likiwa na sehemu nyeusi iliyolainika na linavunjika ukiligusa, ugonjwa umeshatoka kwenye majani.

Bakajani tangulia (early blight) ni tofauti. Madoa yake ni makavu, yana duara ndani ya duara, na huanzia kwenye majani mazee ya chini. Hayana utando mweupe. Huo hauna haraka ya kukunyima usingizi.

Na mmea ukinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, hapo shuku mnyauko bakteria. Kata kiazi katikati na ukiminye: kikitoa ute mweupe kwenye mduara wa ndani, dawa za ukungu hazitafanya kitu.

Shambani_Leo
Ng'oa vyote leo hii mkuu. Ukichelewa siku mbili hupati hata cha kuchemsha.

JembeUma
@Shambani_Leo hapana, hapo ndipo watu wengi wanapoharibu mavuno. Ugonjwa haushuki kwenye viazi kupitia ndani ya shina. Mbegu za ukungu zinatengenezwa kwenye majani, matone ya mvua yanazikung'uta hadi kwenye udongo, maji yanazipitisha kwenye nyufa za tuta mpaka kwenye kiazi. Zinaingilia kwenye macho, kwenye vitundu vya ngozi na hasa kwenye michubuko. Ukichimba leo, majani yakiwa bado mabichi na yamejaa ukungu, unavipitisha viazi vyenye ngozi laini katikati ya hizo mbegu. Utavitoa visafi, na baada ya wiki mbili vimeoza.

Hatua ya kwanza ni kukata majani, kuchimba kunafuata baadaye. Kata mashina yote kwa mundu au mkasi mkali, usawa wa udongo au sentimita 2 hadi 3 juu yake. Usiyang'oe, maana shina likitoka linapasua tuta na kuacha viazi wazi. Kusanya majani yote uyatoe bustanini, usiyaache juu ya matuta. Siku hiyohiyo ziba nyufa na ongeza udongo, kila kiazi kiwe na angalau sentimita 10 juu yake.

Halafu subiri wiki 2 hadi 3. Faida ni mbili: mbegu za ukungu zilizobaki juu ya udongo zinakufa kwa wingi, na ngozi ya kiazi inakomaa. Jaribu kwa kidole gumba, sugua kiazi kwa nguvu. Ngozi ikichunika, bado.

BustaniNdogo
Asanteni sana. Utando mweupe upo. Nikikadiria, theluthi ya majani imeshaathirika. Shida ni kwamba maji yanatuama kwenye mifereji kati ya matuta. Wiki tatu si vitaozea humo? Na dawa je?

TutaRefu
Kwa theluthi, wakati wa kupiga dawa umeshapita. Dawa za kugusa, za shaba au mankozebu, ni kinga: zinakaa juu ya jani na kuzuia mbegu isiote. Baka lililokwisha kuingia haziligusi. Zilitakiwa kuanza kabla ya dalili, kila siku 7 hadi 10, na kwenye mvua mfululizo kila siku 5 hadi 7 kwa sababu mvua inaziosha na majani mapya yanaota bila kinga. Bomba lielekezwe na upande wa chini wa jani.

Dawa za kupenya kama metalaksili zinaweza kusimamisha ugonjwa mchanga, ila ukizirudia peke yake ukungu unazizoea. Kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ni vya kwenye lebo. Mankozebu nchi nyingine zimeiondoa sokoni, kwa hiyo angalia kama kwenu inaruhusiwa.

JembeUma
Maji yakituama hesabu inabadilika. Kiazi kilichozama kinakosa hewa na bakteria wa kuoza wanaingia haraka kuliko ukungu wenyewe. Leo kata majani, kisha chimbua mifereji iwe na mteremko maji yatoke. Yakitoka, subiri wiki mbili kamili. Yakigoma kabisa, chimba baada ya siku 7 hadi 10, ukijua kwamba viazi hivyo ni vya kula mapema, si vya kuweka.

Chagua siku ambayo juu ya udongo pamekauka kidogo. Tumia jembe uma na uingilie mbali, kama sentimita 30 kutoka shina, uinue tuta zima. Usivirushe.

MamaGhala
Naongezea upande wa kuhifadhi. USIVIOSHE. Vitandaze tabaka moja mahali penye hewa na kivuli, saa chache tu, tope likauke lipukutike kwa mkono. Vikikaa kwenye mwanga siku nyingi vinageuka kijani na kuwa na sumu.

Kisha chambua. Kiazi chenye ugonjwa kina sehemu iliyobonyea yenye rangi ya kahawia au zambarau. Ukimenya chini yake nyama ni ya kahawia nyekundu, kavu, yenye chembechembe. Kikinuka, bakteria wameshaingia. Kiazi kimoja cha namna hiyo kinaharibu gunia zima.

Vizima vikae gizani siku 10 hadi 14, joto la nyuzi 15 hadi 20, michubuko ipone. Baada ya hapo hamishia mahali pa baridi zaidi, kwenye kreti au gunia la katani. Mfuko wa plastiki hapana, unavitoa jasho. Chambua tena baada ya wiki mbili, kwa sababu vilivyoambukizwa siku ya kuvuna ndipo vinajionyesha.

BustaniNdogo
Nimeelewa. Swali la mwisho: vidogo naweza kuvitunza viwe mbegu?

JembeUma
Usithubutu. Kiazi kinaweza kuonekana kizima na ukungu uko ndani, kikiota kinatoa chipukizi gonjwa na msimu unaanza na ugonjwa tayari bustanini. Vile vibovu fukia nusu mita chini, usitupe kwenye lundo la mboji maana vitachipua. Vinavyojiotea vyenyewe baadaye ng'oa vyote. Na kama una nyanya jirani na hayo matuta, kazikague leo, zinashikwa na ugonjwa huohuo.