Naomba ushauri: bomba la mvuke kwenye kichwa cha treni cha du Bousquet

Wakuu, habari zenu. Nachora modeli ya kichwa cha treni za kubeba makaa ya mawe alichobuni Gaston du Bousquet kwa reli ya Nord, Ufaransa, mwaka 1905. Mvuke unafanya kazi mara mbili: kwanza silinda ndogo za bogi (fremu yenye magurudumu inayogeuka chini ya kichwa) la nyuma, kisha silinda kubwa za bogi la mbele. Shida ni kwamba bogi zote mbili zinageuka. Nimeweka bomba lililonyooka kati yake, lakini kwenye kona kali linagonga fremu.

Wenye ujuzi, kiungio cha kupinda kikae wapi hasa? Na wakati wa kuondoka na mzigo mzito, silinda kubwa zilipataje mvuke wa kutosha?