Mteja wa kwanza wa tovuti: Upwork, kuzunguka mtaani, au vipande vya kazi vya kampuni?

Mwanagenzi_TZ
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza chuo mwaka jana, niko Mwanza, natengeneza tovuti kwa WordPress na Laravel kidogo. Kompyuta ipo, bando lipo, mteja ndiye hayupo. Napima njia tatu: nijisajili Upwork au Fiverr, yale masoko ya kazi za mtandaoni, nizunguke kwa wafanyabiashara mguu kwa mguu, au niombe vipande vya kazi kwa kampuni za tovuti zilizokwisha simama. Mtaji laki mbili. Ingekuwa wewe, ungeanzia wapi?

FundiSeva
Mkuu, piga hesabu kwanza. Upwork unaomba kazi kwa Connects, tokeni unazonunua, moja senti 15 za dola, na tangazo moja linaweza kutaka 10, 15 au zaidi. Maombi 40 ya Connects 12 ni dola 72. Laki mbili yako karibu yote imeondoka na hujagusa kibodi. Mimi nilijibiwa ombi la 31: fomu ya mawasiliano ilikuwa haitumi barua pepe, nikairekebisha kwa dola 25. Yule Mjerumani bado ni wangu, mwaka wa nne huu, kwa hiyo sijutii. Ila kipindi kile nilikuwa nakula kwa mama.

Fiverr unaweka huduma yako dirishani unangoja, na wao wanachukua asilimia 20. Bila nyota hata moja utangoja sana.

NairobiMtaani
Naongezea ya FundiSeva. Kule usijitangaze kama mtengeneza tovuti, mko maelfu. Sema unaharakisha duka la mtandaoni la WooCommerce (la WordPress) linalofunguka polepole, basi. Sisi huku Kenya tunatoa pesa ya PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa. Marafiki zangu wa Bongo naona wanapokelea pesa za nje kwa Payoneer. Panga hilo kabla hujapata kazi.

BintiNgamiani
Mdogo wangu, anza na miguu, lakini usitembee kama machinga wa soksi. Nilivyoanza Tanga niliingia duka la vifaa vya ujenzi, sikutaja tovuti kabisa. Nilitafuta jina la duka kwenye ramani ya Google, nikamgeuzia mzee simu: namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya kijana aliyeacha kazi zamani. Mzee akavua miwani. Nikamsaidia kudai ukurasa wake, Google wakataka video inayoonyesha bango, mtaa na ndani ya duka, tukairekodi pale pale, mzee mwenyewe akifungua kufuli. Bure.

Wiki ya pili akanipigia: kuna mtu wa Korogwe kauliza bei ya bati, na je, ile "kitu kubwa zaidi", yaani tovuti, ni shilingi ngapi? Nikamwambia laki nne, nusu kishika uchumba. Mpaka leo ananilipa kila mwaka kwa domeini (jina la tovuti), seva inakokaa na marekebisho. Hiyo ya kila mwaka ndiyo inayolipa kodi yangu ya nyumba, siyo laki nne.

Chagua milango pia. Duka la nguo linauza Instagram na WhatsApp, halina shida na wewe. Nenda ambako mnunuzi yuko mbali na anataka kuamini kwanza: lodge, shule binafsi, zahanati, ofisi ya wakili. Kampuni za safari za Arusha wafuate Aprili na Mei, masika, wageni wachache, bosi ana muda wa kukaa kitini. Julai atakujibu kwa mkono.

MzeeWaAnkara
Vipande vya kazi nimevifanya miaka miwili. Kampuni moja, jina naliacha, ilinilipa baada ya miezi mitano kwa sababu "mteja hajalipa". Hata hivyo niliondoka najua kuandika mkataba na kuhesabu masahihisho: mawili bure, la tatu unalipia. Chukua kazi moja kwa ajili ya shule hiyo, halafu toka.

Na kata TIN mapema. Taasisi kabla ya kukulipa zitauliza TIN na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Tenda za serikali zinapita NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni. Huko usiende mwaka huu.

FundiSeva
Binti, domeini ya yule mzee iko kwa jina la nani? Mimi huwa naweka kwa jina langu, mteja asije akanikimbia.

BintiNgamiani
Kwa jina lake, na nywila nimemwandikia kwenye daftari la madeni. Wewe unamfunga mteja kamba halafu unaita uaminifu. Siku mkigombana atasimulia mji mzima, na mji wenyewe mdogo.

FundiSeva
Hujawahi kudhulumiwa wewe.

BintiNgamiani
Mara mbili. Ndiyo maana nachukua nusu mbele.

Mwanagenzi_TZ
Mrejesho, wakuu. Leo nimepita lodge tatu Capri Point na begi langu la kompyuta. Ya kwanza mhudumu kaniuliza kama natoka TRA, meneja akawa "hayupo" nikimsikia anakohoa ndani. Ya pili wana mtu wao. Ya tatu ramani inawaweka upande wa pili wa barabara, na mama mwenye lodge kasema wageni wanampigia kila siku wamepotea. Video tumerekodi. Jumatatu kanitaka nirudi na bei. Akigoma nusu mbele, nishuke mpaka wapi?

MzeeWaAnkara
Asilimia 40. Begi liache nyumbani, nenda na simu.