Mjadala: Mgeni na mbwa wake, nani amwambie mwenzake kwanza?

Kutoka Kiamunyi, Nakuru (mwenye mada)
Krismasi inakaribia na jamaa wa Nairobi washaanza kupiga simu. Zamani mbwa alikuwa na kazi yake: alale nje, abweke usiku, na langoni paandikwe "Mbwa Kali". Siku hizi anafika kwenye kiti cha nyuma amevishwa sweta, nawe mwenyeji unajua hayo mlango wa gari ukifunguliwa. Kwangu kuna mtoto mwenye pumu na mzio wa mbwa. Msimamo wangu ni kwamba mwenye mnyama ndiye wa kusema kwanza, awe mgeni au mwenyeji. Asisubiri mgonjwa apige chafya ndipo ajieleze. Wenzangu wa chama wananirushia "mgeni njoo, mwenyeji apone". Kwangu mwenyeji huishia kliniki. Mnasemaje?

Kutoka Manyatta, Kisumu
Hayo ni magonjwa ya wenye pesa. Sisi tumekua na mbwa, kuku na mbuzi ua mmoja, na hakuna aliyepiga chafya. Mzoeshe mtoto.

Kutoka Kakamega
Wa Manyatta, mimi nimekulia boma la mbwa watatu na bado ninaumwa. Tena watu hudhani shida ni manyoya. Kinachodhuru ni protini zilizo kwenye mate, mkojo na ngozi inayopukutika. Mbwa akijilamba, mate yanakauka, yanapeperuka na kuganda kwenye zulia, mapazia na nguo. Kwa hiyo "huyu wetu hapukutishi manyoya" haitusaidii. Hakuna aina ya mbwa isiyo na protini hizo.

Wala kumtoa mbwa nje mgeni anapobisha hodi hakutoshi. Shangazi yangu alifanya hivyo kwa roho safi, kisha akanikalisha kwenye kochi alilokuwa amelalia mbwa. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimenyooshwa vizuri, vyeupe pe. Chai haijachemka, macho yamevimba na kifua kinapiga filimbi. Nikahamia chini ya mparachichi, na wazee wakanitazama kama niliyesusa ugali wao. Angeniambia kwa simu tu kwamba mbwa anaingia ndani, ningeomba tuandaliwe viti nje tangu mwanzo, na hakuna ambaye angekasirika.

Kutoka Section 58, Nakuru
Mimi ni mwenye mbwa, nisikilizeni pia. "Mwache nyumbani" ni rahisi kusema. Nimwachie nani siku nne? Jirani atamlisha siku ya kwanza, ya pili asahau.

Lakini hata mimi yamenifika. Wageni walikuja na mbwa wao wakitaka kuona flamingo, wakarudishwa kwenye lango la mbuga kwa sababu wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi. Wakaniachia mbwa wao kutwa nzima, na wangu wawili wakitaka kumrarua. Askari wa lango sikuwalaumu. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti, na walioshukiwa kuuleta ni mbwa wa vijiji vya jirani.

Kutoka Bondeni, Nakuru
Mnazungumzia kifua tu. Kwetu mbwa akilamba chombo, kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi ninaye, yuko nyuma ya nyumba na anakula vizuri. Ila sebuleni ndipo ninaposwalia. Mgeni asiniulize kama nina mzio, aniulize kama anaweza kumwingiza.

Mwenye mada
Wa Bondeni, hapo umenipanua. Kuulizwa ni haki hata ya asiye mgonjwa. Wa Manyatta, kukua na wanyama tangu uchanga huenda kukampunguzia mtoto uwezekano wa kupata mzio. Wangu ameshaupata, na kumzoesha ni kumtafutia pumu kali. Wa Section 58, uani kwangu kuna banda lenye kivuli. Piga simu mapema, uje na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa wako atalala hapo. Ndani haingii, hata kwa dakika tano za picha.

Linalonishinda ni moja: mwenye mbwa akiwa mama mkwe, nani amwambie?

Kutoka Manyatta, Kisumu
Mume wako. Na ampigie kabla hawajapita Naivasha.