Naomba ushauri: mahindi yangu yanatofautiana kwa sababu ya mbegu au udongo?

Habari zenu wanajamvi. Msimu huu nimepanda mbegu nilizochagua katika mavuno ya mahindi chotara ya mwaka jana, na sasa mimea ya mstari mmoja, iliyopata samadi ile ile na mvua ile ile, inatofautiana mno: mmoja umenipita kimo, jirani yake unaishia kiunoni. Naelewa kwamba vinasaba vya wazazi hugawanyika upya katika kizazi cha pili cha chotara. Hata hivyo, bondeni, ambako maji hutuama, karibu mimea yote ina majani ya njano, jambo ninalolihusisha na upungufu wa naitrojeni. Nikitaka kutenganisha athari za urithi na za mazingira, je, inatosha kupanda mbegu mpya za dukani na hizi zangu kwa mistari inayopishana, bondeni na mlimani, au kuna njia bora zaidi?