Mrejesho: Peugeot 504 ya mzee na ile bodi nyingine

Wandugu, asanteni. Niliwauliza kama naweza kuhamishia namba za 504 ya baba kwenye bodi nyingine, kwa vile yake imeliwa na kutu mpaka sakafuni.

Jibu ni hapana. 504 haina chasi ya kujitegemea kama Land Rover za zamani; namba ya utambulisho wa gari imegongwa kwenye chuma cha bodi yenyewe. Fundi mmoja hapa Nakuru alitaka kukikata kile kipande chenye namba akichomelee kwenye bodi ile. Nikamkatalia katakata. Mkaguzi akiona alama za kuchomelea hapo, gari linashikwa kama la wizi.

Basi nilinunua bodi ile pamoja na logbook yake (hati ya umiliki wa gari), nikabadilisha umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Injini ya mzee ikaingia humo, nikaomba namba ya injini na rangi zibadilishwe, gari likakaguliwa. Plet za namba za gari la mzee hazihami, na hilo limemuuma. Lakini injini aliitambua kwa mlio kabla hajafika getini!

Zimebaki raba za milango. Anayejua zinapopatikana Kisumu au Eldoret anijuze.