Kupanga nyumba mpya kabisa karibu na bahari: nikague nini kabla ya kusaini?

Mpangaji Mtarajiwa:
Wakuu, kuna nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya juu kabisa, jengo lina miezi michache na halijawahi kukaliwa. Ufukwe uko mita 200 hivi. Chini ya dirisha la sebule kuna doa jeupe kama unga. Mwenye nyumba anataka saini wiki hii. Nikague nini, na mkataba useme nini?

Fundi Zege:
Huo unga ni chumvi. Maji yaliyomo ndani ya zege na lipu yakitoka huibeba, yakikauka huiacha ukutani. Jengo jipya limejaa maji: lipu hutaka kama wiki 4 kabla ya rangi, na zege la sakafu hukauka takribani sm 2.5 kwa mwezi, tena pwani hukawia zaidi. Futa unga kwa brashi kavu. Ukiuosha unayeyuka na kurudi ukutani. Ukitokea tena palepale, shuku dirisha. Mwaga lita moja ya maji kwenye reli ya chini ya dirisha la alumini: yanatakiwa yatoke nje kupitia vitundu, ambavyo mafundi huviziba kwa saruji bila kujua. Yakibaki, mvua ya upepo itaingia ndani.

Pima na sakafu. Bandika nailoni ya sm 45 kwa 45 juu ya zege tupu (stoo au nyuma ya kabati, maana vigae vitakudanganya), ziba kingo zote kwa utepe, acha saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, unyevu bado upo. Ukihamia, makabati yakae sm 5 hadi 10 kutoka ukutani, la sivyo ukungu utaota nyuma yake.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu, ziache. Ufa ulionyooka kufuata nguzo au boriti, wenye doa la kahawia, ni nondo inayokula kutu. Anza kuangalia chini ya roshani. Ukiuona, tafuta nyumba nyingine.

Bomba Moja:
Ghorofa ya juu kabisa? Uliza tangi liko wapi. Mita 10 za kimo ndiyo takribani bar 1 (kipimo cha presha), hivyo tangi lililo mita 3 juu ya bafu linakupa bar 0.3 tu, na hita nyingi za papo kwa papo haziwaki kwa presha hiyo. Lazima kuwe na pampu. Jaza ndoo ya lita 10 bafuni: dakika 1 ni sawa, dakika 3 utateseka, na hapo jengo bado ni tupu.

Yaonje maji. Kisima kilicho karibu na bahari huweza kuvuta maji ya chumvi, nayo humaliza elementi ya hita mapema. Harufu bafuni mara nyingi ni mtego (kona ya bomba inayoshika maji ili kuzuia harufu) uliokauka kwa kutotumika: mimina maji. Ikirudi kesho yake, huenda mtego haukuwekwa.

Mpangaji Mtarajiwa:
Asanteni. Na umeme?

Kalamu na Karatasi:
Zima swichi kuu ya nyumba yako. Mita ikiendelea kuhesabu, kuna mtu umeunganishwa naye.

Kwenye mkataba, orodha ya kasoro yenye picha na tarehe isainiwe na pande zote mbili kabla ya ufunguo, kila kasoro na siku yake ya mwisho ya kurekebishwa. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuidai. Iandikwe pia kwamba ukungu na kutu vinavyotokana na jengo havikatwi kwenye amana, na nani anaosha kwa maji yasiyo na chumvi mapezi (vibati vyembamba) ya sehemu ya nje ya kiyoyozi, maana chumvi huyala. Mkandarasi kwa kawaida humrekebishia mwenye jengo kasoro kwa miezi 6 hadi 12 tangu kukabidhi jengo, kwa hiyo muulize tarehe ya mwisho ya muda huo. Malalamiko yako yafike kwa maandishi kabla haijapita.

Fundi Zege:
Nyongeza: kama mvua inakaribia, rudi uikague siku inaponyesha. Saini inaweza kusubiri.