Kuoksidaizi metali kabla ya opeki: dhahabu, nikeli-kromu au kobalti-kromu?

lab_ya_uani: Wakuu habari za kazi. Nina lab ndogo ya meno, mwezi huu kraun (kofia za meno) tatu zimerudi posileni, ile kauri ya juu yenye rangi ya jino, imebanduka kama ganda la yai, zote za nikeli-kromu. Huwa naoksidaizi, yaani nachoma metali tanurini ipate ngozi ya oksaidi, nyuzi 980, nashikilia dakika tano bila vakyum (bila kunyonya hewa), metali inatoka nyeusi yenye ukijani, nikiona hivyo najua imekamata napaka opeki, lile tabaka la kwanza la posileni linaloficha metali, hapo hapo. Nawaza nihamie kobalti-kromu au nimuombe daktari tuchukue aloi (metali mchanganyiko) ya dhahabu. Aliyetumia zote anilinganishie, kurudia kazi bure kunaniumiza na mgonjwa anakaa na pengo.

mzee_wa_tanuri: Kijana wangu, huo weusi unaoufurahia ndio unaokubandulia. Dhahabu shida yake ni oksaidi kukosekana, hizo mbili shida ni kuzidi. Dhahabu yenyewe haishiki oksijeni hata uichome vipi, ndio maana watengenezaji wanatia indiamu, bati au chuma kidogo sana, ukipasha moto vinapanda juu vinafanya ngozi nyembamba ya oksaidi na posileni inashikana na hiyo ngozi. Kwa hiyo dhahabu muda wake utimize, usikatishe. Ikitoka na mabaka jua kuna uchafu au umeyeyusha mabaki ya zamani mara nyingi mno, vile vitu vinaungua kila ukiyeyusha. Changanya na mpya angalau nusu.

dada_opeki: Shikamoo mzee, naongezea. Nikeli-kromu haihitaji kusaidiwa kuoksidaizi, inaendelea hata ukichoma opeki na dentini (posileni ya rangi ya jino inayofuata), kila ikirudi tanurini inaongeza. Mimi nachoma kwenye vakyum, muda ni ule wa karatasi ya maelekezo ya aloi siongezi hata dakika, halafu napiga mchanga wa alumina maikroni 110 mpaka weusi wote utoke ibaki kijivu kisichong'aa, naosha kwa mvuke, kuanzia hapo sigusi na kidole nashika na koleo tu. Kobalti-kromu ni hivyo hivyo ila ngumu zaidi, kusaga mkono unachoka na bari (vichwa vya kusagia) zinaisha haraka, na oksaidi yake ina ubluu mzito, ukiuacha shingoni mwa kraun unaonekana kama kivuli kwenye fizi.

kobalti_tu: Mimi kobalti sioksidaizi kabisa, napiga mchanga napaka opeki, hazirudi.

dada_opeki: Aloi nyingine karatasi yake inaruhusu hivyo kaka, sikatai. Mi nachoma kwa sababu nataka kuona. Rangi ikitoka sawa kote naendelea, nikiona doa najua kuna vumbi la gurudumu la mpira au tundu la kumiminia, bora nilione saa hizi kuliko liniletee mapovu kwenye opeki.

fundi_mapafu: Jamani kabla hamjabishana sana, nikeli-kromu yako ina beriliamu? Zipo za zamani zina mpaka asilimia 2, wanaitia sababu inapunguza unene wa oksaidi na metali inamiminika vizuri, ila vumbi lake linaharibu mapafu na hayarudi. ISO 22674, kiwango cha kimataifa cha metali za meno, kikomo ni asilimia 0.02. Soma pakiti, kama haijaandikwa kuwa haina beriliamu usisage. Halafu kuna wagonjwa nikeli inawawasha, muulize daktari kabla.

mzee_wa_tanuri: Lab ya uani, usibadili aloi bado. Vile vipande vilivyobanduka unavyo? Geuza utazame mgongoni. Kama opeki imebaki kwenye metali basi muungano ulikuwa mzima, posileni yenyewe ndio imevunjika. Kama mgongo mweupe safi, haikushika kabisa. Kama kuna weusi mgongoni na weusi kwenye metali pia, oksaidi imepasuka katikati yake, ilikuwa nene.

lab_ya_uani: Nimevitoa kwenye droo sasa hivi. Viwili mgongoni vyeusi vina ukijani, nikikwangua na kisu unatoka unga, na kwenye metali weusi huo huo. Cha tatu nusu nyeusi nusu nyeupe. Pakiti nimeisoma, beriliamu hamna. Kesho nachoma na vakyum, napiga mchanga mpaka kijivu.

mzee_wa_tanuri: Hicho cha tatu, ule upande mweupe huenda metali uliigusa na mkono. Anza na kipande cha majaribio, kivunje mwenyewe kwa koleo kabla hujampelekea mgonjwa.